Malalamiko: kukataliwa kwa madai ya pikipiki ya barabarani na porini

Meneja,
Kitengo cha Madai.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA KWA MADAI YANGU YA BIMA KUBWA YA PIKIPIKI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu ya kukataa madai yangu ina sentensi moja tu yenye uzito: kwamba chombo kilikuwa kikitumika "nje ya barabara". Baada ya kuisoma nilifungua hati ya bima mliyonipa wenyewe. Kwenye kisanduku cha aina ya chombo mmeandika "pikipiki ya nje ya barabara". Ada mliyonitoza ni ya kundi hilo, na wakala wenu aliniambia wazi kuwa ni kubwa kuliko ya pikipiki ya kawaida kwa sababu hatari yake ni kubwa. Leo pikipiki imeanguka njia ya msituni mnasema huko hamhusiki. Mmeniuzia mwavuli, kisha mkaniandikia kwamba haupaswi kunyeshewa.

Sikuficha kitu. Fomu ya maombi iliuliza matumizi, nami nikajaza kwa mkono wangu: "Kwenda na kurudi kazini, siku za mapumziko, njia za msituni na mlimani, si mashindano." Nakala nimeiambatanisha. Nyinyi watu wa bima ndio mnaotufundisha kuwa mkataba huu unasimama juu ya nia njema kabisa, na kwamba mteja akificha jambo la msingi anapoteza haki yake. Nimesema kila kitu, mkapokea fedha, mkakaa kimya. Kama matumizi hayo hamyataki, siku ya kusema ilikuwa ile.

Kosa la kuandika aina hiyo ya chombo, nadhani, lilianzia kwa wakala aliyeitazama pikipiki akaona matope, kimo kirefu na tairi za kashata, zile zenye vipande vikubwa vya mpira vilivyochomoza, akaamua kuwa ni motokrosi, yaani pikipiki ya mashindano ya porini. Motokrosi haina taa, haina honi wala kioo. Hutoka kiwandani bila hata pa kufunga kibao cha namba, na matengenezo yake huhesabiwa kwa masaa ya injini. Yangu ina odometa. Ina taa ya mbele yenye mwanga wa juu na wa chini, taa ya breki inayowaka kwa breki zote mbili, indiketa nne, honi, vioo viwili, na tairi zenye alama ya kuruhusiwa barabarani ubavuni, japo ni za kashata. Ilikaguliwa, ikasajiliwa, ikapewa kibao cha namba, na leseni yangu ina daraja la pikipiki ya ukubwa huo. Kadi ya usajili inasema ni pikipiki ya barabarani. Hiyo kadi mnayo tangu siku ya kwanza.

Ajali yenyewe ni ya kawaida mno. Nilikuwa kwenye njia ya msituni iliyo wazi kwa vyombo vilivyosajiliwa. Getini mlinzi alikagua kibao cha namba, leseni na stika yenu ya bima kabla ya kuniruhusu. Mtu asiye na karatasi hizo harudi nyumbani na hadithi ya ajali, kwa sababu hapiti geti. Nikiwa mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa, tairi la mbele liliteleza kwenye mzizi uliolowa, pikipiki ikaangukia jiwe upande wa kushoto. Rejeta ilitoboka, mkono wa klachi ukavunjika, kava ya injini ikapata ufa. Mimi nilichubuka kiwiko.

Sasa mkadiriaji wenu. Alikuja siku ya kumi na tisa, akapiga picha tatu, akaandika kwamba pikipiki "haina vioo" na kwamba tairi zilikuwa na upepo mdogo, "uzembe wa dereva". Vioo vipo. Ni vya kukunja, na vilikuwa vimekunjwa, kwa sababu kioo kilichosimama kati ya matawi huwa si kioo tena baada ya dakika kumi. Angeinyoosha shingo upande wa pili angeviona. Kuhusu upepo, yeyote anayepanda njia hizo anajua kuwa tairi ya kashata yenye upepo wa lami hudunda juu ya mawe kama mpira. Hupunguzwa hadi psi 15 hivi ili ishike ardhi, kisha hujazwa kabla ya kurudi lami. Pampu ya mkono ilikuwa kwenye mkoba, naye aliuhamisha mkoba huohuo ili apige picha. Alichokiita uzembe ndicho kinachotufanya tusianguke mara nyingi zaidi.

Lipo na jingine, ambalo nililigundua nikiwa natafuta jibu la hili. Namba ya chasisi kwenye hati yenu si ya pikipiki yangu. Ile iliyogongwa kwenye shingo ya fremu ina herufi na tarakimu 17 kama namba zote za mfumo wa VIN, ule wa kimataifa wa kutambulisha vyombo, na mahali pa sifuri nyinyi mmeandika herufi O. Mfumo huo hautumii kabisa herufi I, O wala Q, kwa sababu ya kukwepa mkanganyiko huuhuu na 1 na 0. Kwa hiyo chombo mlichokikatia bima hakipo popote duniani. Ingeibwa, ningeanza kubishana nanyi kuhusu sifuri.

Nimesoma mkataba mzima. Vitu visivyolipwa ni pamoja na mashindano, majaribio ya kasi na dereva asiye na leseni. Neno "nje ya barabara" limo, lakini halina maana iliyoelezwa popote: je, ni nje ya lami, nje ya njia yoyote, au nje ya njia iliyo wazi kisheria? Kanuni ya zamani ya mikataba ni kwamba neno lenye utata husomwa dhidi ya aliyeliandika, na aliyeliandika si mimi.

Naomba madai yafunguliwe upya na kupitiwa na mkadiriaji mwingine, mtu aliyewahi kuipanda pikipiki ya namna hii. Naomba namba ya chasisi na aina ya chombo visahihishwe kwa nyongeza ya mkataba kuanzia tarehe bima ilipoanza, si kuanzia leo. Na kama msimamo wenu ni kwamba njia za msituni hazimo, nirudishieni tofauti ya ada niliyolipa kwa ajili ya njia hizo na mniandikie hivyo kwa barua yenye sahihi, niipeleke kwa msimamizi wa sekta ya bima pamoja na hii.

Fundi amefungua injini na anasubiri neno lenu ndipo aagize kava. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako,
Mwenye hati ya bima.