Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): turudishiwe notsi zetu za hisabati

Shikamoo Profesa.

YAH: KUZIMWA KWA TOVUTI YA NOTSI ZA HISABATI

Mada tajwa hapo juu yahusika. Inahusika kwelikweli, maana UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inaanza Jumatatu na tovuti imezimwa tangu Alhamisi usiku, bila barua wala tangazo kwenye ubao wa idara. Kitengo cha TEHAMA wakaniambia ni "sababu za kiusalama". Nikauliza, usalama wa nani? Nikaambiwa niandike barua. Ile niliyopitishia kwa Mkuu wa Idara bado "inafanyiwa kazi", basi nimeona hii niipitishie kwa wananchi.

Nikukumbushe kidogo, Profesa, najua majukumu ni mengi. Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza ulisimama jukwaani ukatutolea mfano wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, kwamba mwaka 2001 walitangaza kuweka masomo yao mtandaoni bure, asome anayetaka. Ukasema na sisi tunao vijana wetu. Tukasimamishwa, tukapigiwa makofi, ukaahidi nafasi kwenye seva ya chuo ili tuache kulipia nje kwa hela ya bumu, ule mkopo wetu wa kujikimu. Tukahamishia kila kitu huko. Leo mwenye seva ndiye aliyeshika swichi.

Huenda hujapata nafasi ya kuifungua. Hakuna umbea humo, wala siasa. Mmoja wetu huchukua notsi za lekcha akaziandika upya kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi ya hesabu, aghalabu usiku, kwa sababu mchana kompyuta za maabara zina foleni. Aliyekwishafaulu kozi hiyo anazipitia. Zikishawekwa, yeyote anayeona kosa anaandika pembeni. Fomula zake ni maandishi, si zile picha za WhatsApp zenye kidole cha mpigaji kwenye kona na mstari wa mwisho umekatwa, kwa hiyo hata mwenye bando la kuungaunga anasoma.

Hayo ya pembeni ndiyo mali yenyewe. Kuna kitini cha kalkulasi kinachouzwa stesheneri miaka nenda rudi. Ndani yake kinatafuta limiti, yaani thamani inayokaribiwa, ya sin x gawanya kwa x, x inapokaribia 0, kwa kanuni ya L'Hôpital: diferenshieti juu (tafuta kasi yake ya kubadilika), diferenshieti chini, jibu 1, tuendelee. Binti wa mwaka wa kwanza akaandika pembeni: ili kujua kwamba sin x ukiidiferenshieti unapata cos x, si lazima uwe na limiti hii hii kwanza? Wakubwa wote tulikuwa tumeimeza tu. Jibu ni sahihi, lakini hoja inajizungusha. Tukaweka uthibitisho wa kulinganisha maeneo ya pembetatu mbili na kipande cha duara kilicho katikati yake, na chini yake tukaandika kwamba kitini kimekosea.

Sasa, sina ushahidi, Profesa, lakini nina masikio. Wauzaji wa fotokopi wanalalamika biashara imelala. Na kitini hakikujiandika chenyewe. Kama kuna mkubwa aliyeudhika, angetuita tu, tungemwonyesha hesabu, naye angetuonyesha yake. Kuzima mtambo hakujawahi kuwa uthibitisho wa hoja yoyote.

Mimi nililala bila chakula cha jioni ili tovuti ilipiwe, enzi tukiwa nje. Kozi moja nimeibeba kama sapu, mtihani wa marudio, kwa sababu nilikuwa nikiandika aljebra ya wenzangu badala ya kusoma yangu. Sikudai posho, wala cheti, wala kutajwa kwenye mahafali. Kuna wadogo zetu wasio na hela ya kitini wala kompyuta, walitegemea kurasa zile, na baadhi yao wakianguka safari hii ni disko, kuondolewa chuoni. Watarudi nyumbani waseme nini?

Nilitaka kuomba tovuti iwashwe leo. Nikaona nitaambiwa kuna taratibu. Basi turudishiwe mafaili, tutayapeleka kwingine wenyewe. Kama na hayo yana usalama ndani yake, tupewe japo folda ya masahihisho, kwa flashi, mlangoni, nitasaini popote. Ile folda haipo kwenye laptopu ya mtu yeyote. Ipo kwenye seva yako tu, Profesa, na UE ni Jumatatu.

Naomba masahihisho yetu.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Hisabati

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA, siku atakayopokea simu.