Barua ya wazi kwa shangazi yangu, mwalimu mkuu anayetaka kuleta msanii darasani

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi kusikia kwamba Kamati ya Shule imelikubali wazo lako la kumleta mpiga ngoma afundishe darasa la tano. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, madarasa ya shule za msingi za serikali yamefurika. Somo la Sanaa na Michezo limo kwenye mtaala mpya, lakini mara nyingi hupewa mwalimu ambaye hakusomea sanaa. Msanii anayeishi kwa kazi yake anaweza kuliziba pengo hilo, mradi asije kama mgeni wa mahafali. Akipiga, watoto wakashangilia, akapanda bodaboda akaenda zake, shule haikupata kitu. Kwa hiyo simamia hili kuliko mengine yote: mwalimu wa somo awemo ndani tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho, akipiga pamoja na watoto. Hiyo isiwe nafasi yake ya kwenda kusahihisha madaftari ofisini.

Ruhusa anza kuitafuta mapema. Barua iende kwa Afisa Elimu Msingi wa halmashauri kupitia kwa Afisa Elimu Kata, ikiambatana na ratiba, nakala ya kitambulisho cha msanii na usajili wake wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Wahitimu wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ni pa kuanzia pazuri, lakini cheti peke yake kisikutoshe. Mpe watoto ishirini na dakika ishirini, awafundishe pigo moja tu. Usiangalie mikono yake, angalia macho yake: je, anamwona mtoto wa nyuma aliyepotea? Kuna wapigaji hodari sana jukwaani ambao wakisimama mbele ya darasa hupiga wao tu.

Wengi huanza Januari, nami nakushauri usifanye hivyo. Wiki za mwanzo huliwa na uandikishaji na ugawaji wa vitabu, halafu masika inaingia na huku kwetu Pwani ngozi za ngoma zinalegea kwa unyevu. Ngoma yenye ngozi iliyopigiliwa vigingi haina kamba ya kukazia. Ni kuianika juani au kuiotesha moto wa makuti, na ikisogezwa karibu mno ngozi inapasuka. Muhula wa Julai una ukavu wa kutosha. Panga wiki kumi, na siku za mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba ngoma zinyamaze kabisa.

Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi, kwa sababu kuingia, kupanga vifaa na kuvirudisha kunakula robo yake. Unganisha viwili. Kama darasa lina watoto 90, nusu wapige Jumanne na nusu Alhamisi, wengine wakisoma na mwalimu mwingine. Wapeleke chini ya mti ulio mbali na madarasa. Walimu wenzako wakianza kulalamikia kelele, mradi utakufa kabla ya wiki ya tatu.

Watoto 45 wagawe makundi matano ya watoto tisa. Katika kila kundi watatu wapige madumu, wawili kayamba, wanne makofi na miguu, na wabadilishane kila baada ya dakika tano ili asiwepo wa kudumu kwenye makofi. Unahitaji madumu 15 ya lita 20, kayamba 10 na jozi 20 za vijiti vya sentimita 30, maana vingine vitavunjika. Dumu la mafuta ya kula lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo linateleza na kushika vumbi. Ngoma za ngozi zinatosha mbili, moja ya msanii na moja ya mwalimu.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda mno. Ngoma nyingi za kwetu zinazunguka kwa mapigo 12, na hapo hapo pana somo la Hisabati. Kundi la kwanza ligonge kila baada ya mapigo matatu: 1, 4, 7, 10. La pili kila baada ya manne: 1, 5, 9. Wanaachana, kisha wanakutana tena kwenye pigo la 1 la mzunguko unaofuata. Mtoto aliyekuwa akikariri kwamba KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 3 na 4 ni 12 sasa anaisikia mkononi. Wakishaweza, waulize 4 na 6 watakutana wapi, wabishane, kisha wapige wahakikishe.

Kinachoharibika hapa ni mwendo. Watoto wakisisimka wanakimbia, na kundi la nne nne linaburutwa na la tatu tatu. Mtoto mmoja ahesabu kwa sauti moja hadi kumi na mbili, taratibu kuliko wanavyotaka. Msanii asiwaokoe kwa kupiga ngoma kubwa juu yao, kwani wataacha kuhesabu na kumfuata yeye.

Kabla ya kuchagua ngoma yenyewe, keti na wazee. Zipo za unyago, hizo si za darasani. Mzazi mwenye pingamizi la kidini asikilizwe. Mwanawe anaweza kuwa mhesabuji.

Kuhusu fedha, mlipe msanii kwa siku, nauli kando, na kila malipo yaandikiwe stakabadhi. Mchango wa wazazi uwe wa hiari, na asirudishwe mtoto nyumbani kwa ajili yake. Kwenye makubaliano andika wazi kwamba msanii haruhusiwi kushika kiboko wala kukaa peke yake na mtoto.

Wiki ya saba mwalimu aongoze nusu ya kipindi. Wiki ya tisa na ya kumi aongoze chote, msanii akae pembeni na kumsahihisha baadaye, si mbele ya watoto. Akishindwa wiki ya tisa, ongeza wiki mbili kuliko kufanya onyesho la kufunga.

Afisa Elimu Kata akishakujibu, nitumie ratiba ya darasa la tano tuone vipindi gani vinaweza kuunganishwa.