Samaki wamezidi matangi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku hatujambo sote. Najua nimekaa kimya mno, na zile simu zako mbili niliziona, ila mikono ilikuwa majini mpaka kwenye viwiko. Nisamehe. Leo nimekaa niandike kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi, na natakiwa kulitolea jibu kabla ya Jumamosi.

Unawakumbuka wale gapi, samaki wadogo wa mapambo, watatu majike ulionipa kwenye chupa ya kioo? Uliniambia nitafute dume baadaye. Dume hakuhitajika! Wote watatu walikuja na mimba, na baada ya kuzaa wakaendelea kuzaa, kwa kuwa jike wa gapi huweka akiba ya mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Kila baada ya wiki nne hivi naamka nakuta vijipunje vyenye macho mawili vimejibanza kwenye mizizi ya mimea vikiwakimbia mama zao, maana mama zao wakiwaona huwala. Sasa nina matangi tisa. Mwenzangu anasema sebule imekuwa bwawa, lakini jioni yeye ndiye wa kwanza kuvuta kiti mbele ya lile tangi la dirishani.

Basi, habari yenyewe ni hii. Kwa muda sasa nimekuwa nikiuza wachache wachache kwa majirani na kwa rafiki zao. Wiki iliyopita akaja mwenye duka la samaki wa mapambo. Aliangalia tangi moja baada ya jingine bila kusema kitu, akafika kwa wale wenye mkia mweusi, akachuchumaa. Unawajua, ni kizazi cha yule jike wako aliyekuwa na doa begani. Nimewachagua vizazi sita sasa, na madume wao wana mkia mweusi tii kama kitambaa cha hariri. Anataka 60 kila mwezi, wa miezi mitatu, nusu madume na nusu majike.

Nilifurahi, siwezi kukuficha. Usiku nikashika kalamu. Ili nitoe 60 kila mwezi wenye umri huo, lazima niwe na 180 wanaokua wakati wote, mbali na wazazi na wale wasiofaa kuuzwa. Tena madume na majike huwatenga wakiwa na wiki tatu hivi, kabla kaka hawajawapa dada zao mimba, kwa hiyo kila rika linataka matangi mawili. Kwa matangi yangu tisa ya lita 60, nikibadilisha theluthi ya maji kwa wiki ni lita 180, yaani ndoo tisa za lita 20, na kila ndoo lazima ilale siku nzima ili klorini, ile dawa ya maji ya bomba, itoke. Nikifika matangi kumi na manne, ni ndoo kumi na nne. Mgongo wangu unaujua.

Lakini ndoo si shida. Kuna mama mmoja alikuja na binti yake mwezi uliopita kununua samaki sita. Nikauliza, tangi liko tayari? Wakajibu kwa pamoja, liko tayari, tumelinunua jana. Mimi nikasikia neno "tayari", ile "jana" ikanipita. Siku ya tano wakarudi. Binti ameshika kikombe kwa mikono miwili, amekifunika kwa jani, na ndani ni wale samaki. Hakulia. Aliuliza tu kama maji yao yalikuwa machafu, kwa sababu yeye aliyaona yanang'aa.

Walikuwa wameleta na chupa ya maji hayo. Nikapima amonia, sumu isiyoonekana, mbele yao. Maji salama hubaki njano kwenye kile kichupa cha kupimia. Yale yaligeuka kijani kabla sijamaliza kutikisa. Nikamweleza yule mtoto kwamba samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na tangi jipya halina bado bakteria wa kuigeuza. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka uje kupunguza maji. Bakteria hao huchukua wiki nne mpaka sita kujaa. Akaniuliza, "Kwa nini hukutuambia?"

Swahiba, nimelibeba swali hilo kila siku tangu hapo. Sasa simuuzii mtu samaki peke yake. Nyuma ya chujio la tangi la wazazi nimepanga vipande vya sponji, vinakaa humo wiki sita au zaidi mpaka viwe na rangi ya udongo na utelezi, yaani bakteria hao wamejaa humo. Mnunuzi mpya anaondoka na kipande kimoja kwenye mfuko wa maji, akakiweke kwenye chujio lake, na namwapisha asikioshe kwa maji ya bomba. Yule binti nilimpa sponji na samaki wanne, nikamwambia awalishe kidogo sana wiki ya kwanza. Juzi mama yake kaniletea habari kwamba jike mmoja amezaa. Nilishangilia kama nimepata mjukuu.

Sasa unaona penye tatizo? Dukani sitakuwepo. Samaki wangu watatoka kwa mtu nisiyemjua kwenda kwa mtu nisiyemjua, na hakuna atakayeuliza tangi limenunuliwa lini. Mwenye duka ni mtu safi, nilikwenda kuona. Ila matangi yake yote yanatumia maji ya mzunguko mmoja, kwa hiyo ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwa samaki mmoja, kesho umefika kwa wote. Mwalimu mmoja ameniambia nichukue fedha, samaki ni samaki. Sikumjibu. Niliona moto kifuani.

Nimefikiria masharti. Kwamba nimpe sponji pamoja na samaki, naye azitoe kwa wanunuzi wapya. Na karatasi moja fupi iende na kila mfuko: mfuko uwekwe juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, ukishafunguliwa samaki wahamishwe haraka. Watu wengi hufungua mfuko wakauacha wazi saa nzima wakidhani wanamsaidia samaki kupumua. Kumbe ile kaboni dayoksaidi aliyoitoa safarini ikitoka, pH ya maji hupanda, yaani uasidi wake hupungua, na amonia iliyokuwa imetulia inakuwa sumu kali ghafla. Sijui kuandika vitu vifupi, barua hii ni shahidi. Wewe ungeiandika kwa mistari mitano.

Na wale wenye mgongo uliopinda nimewapa tangi lao, siwauzi wala siwazalishi. Jirani alinishauri niwamwage mtoni. Haiwezekani! Gapi asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu wamewamwaga kwenye mito ya nchi nyingi ili wale viluwiluwi vya mbu, sasa wamejaa mahali pasipo pao na samaki wenyeji wanabanwa. Wangu watazeekea sebuleni.

Jambo la mwisho, na hili ni ombi. Nikikubali kazi hii, samaki wataingia na kutoka, na ugonjwa mmoja unaweza kuzoa vizazi sita kwa wiki moja. Naomba nikuletee madume wawili na majike wanne wa mkia mweusi wakae kwako, kama akiba. Nitakuja na chujio lenye sponji iliyokomaa, nitakuja na chakula, na nitabadilisha maji ya mwanzo mwenyewe.

Je, lile tangi lako la zamani bado halivuji? Shemeji atakubali, au nizungumze naye mimi? Ungekuwa wewe, ungemwambia mwenye duka 60, au ungeanza na 20 kwanza uone anavyowatunza? Akikataa sharti la sponji nivunje mpango? Na ile karatasi, utaniandikia? Binti yako mkubwa bado anachora? Ningependa pawe na picha ya mfuko uliofungwa, kwa ajili ya wanunuzi wasioweza kusoma bado, kama yule mtoto wa kikombe.

Nijibu kabla ya Jumamosi, hata kwa maneno matatu. Naacha hapa, ndoo tano bado zinanisubiri.

Wako daima,
Swahiba wako wa chupa ya kioo