Shuka Maktau

Mghoi mwanangu,

Umeniambia wiki ijayo utatoka Voi kwenda Taveta, na kwamba matatu za siku hizi hazisimami njiani. Mwambie dereva akushushe Maktau. Nakuomba kama baba yako.

Reli hutaiona mara moja. Imelala kwenye majani, na miiba imeota katikati ya mataruma. Inama uishike, kutu itabaki kiganjani, nyekundu kama udongo wetu. Mataruma yenyewe ni ya chuma. Ukiyagonga kwa jiwe yanalia, nasi tuliyagonga sana tulipokuwa wadogo.

Reli hiyo ililetwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914 Wajerumani waliteka Taveta, na Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea mpakani. Mwaka 1915 ilikuwa imefika Maktau. Tatizo kubwa lilikuwa maji. Unaijua ile nyika, hata mbuyu unahesabu matone. Basi wakavuta bomba kutoka milima ya Bura, na jeshi zima, pamoja na farasi na nyumbu, likawa linategemea bomba hilo. Wajerumani nao walituma vikosi vidogo kuja kuitega reli baruti.

Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, alipigwa risasi mguuni. Wenzake walipotaka kumbeba alikataa, akabaki na majeruhi wengine ili awalinde, akauawa. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, na kaburi lake liko pale Voi. Februari 1916 Waingereza walishindwa kilimani Salaita, lakini Machi waliichukua Taveta. Reli ikavuka mpaka hadi Kahe, ikaungana na ile ya Tanga.

Ninachotaka ukifikirie ukiwa umesimama pale ni wapagazi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na hapo ndipo lilipotoka jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Walibeba chakula na risasi kwa vichwa na mabega, wakafa kwa maelfu, wengi kwa kuhara na malaria, na wengi wao hawana hata jiwe. Dartnell alikuwa shujaa, simnyimi heshima yake. Lakini nikipita Maktau roho yangu huwa kwa wale wengine, maana ni watu kama babu zetu.

Vita vilipokwisha, reli ikabeba mkonge, mizigo na abiria. Bibi yako aliipanda na mikungu ya ndizi za Taveta, nami nikiwa nimeshika upindo wa kanga yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania ukafungwa, na reli iliyokuwa njia ikawa kichochoro kisicho na upande wa pili. Baada ya hapo treni zilipungua, hadi siku moja tukagundua kwamba hatujasikia honi kwa muda mrefu.

Pale stesheni palikuwa na kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya, ndiyo kengele ya stesheni masta. Treni ikikaribia alikigonga kwa nyundo, na mama aliinuka na mikungu yake.

Kitafute. Ukikiona, nipigie simu kwanza, halafu ukigonge nikisikia.

Baba yako