Rapala zako zimechelewa, sababu ni hizi

Yakhe, salaam aleikum,

Najua ushanuna. Ile mesej yako ya "vp bado tu" niliiona siku ileile nikanyamaza kimya maana sikuwa na jibu la maana, zile rapala tatu ulizoniagiza, samaki wa mti wa kuvutia sangara kwenye ndoana, nilikwambia wiki mbili zikawa miezi miwili na ushee, sasa leo shemeji yako kalala mapema na watoto wametulia nimeona nikae nikuandikie yote kwa kirefu, afu ukimaliza kusoma ndo uamue kama una haki ya kununa au huna.

Kwanza mti wenyewe. Si unakumbuka tulikuwa tunachonga msufi, mi sa hivi nimehamia kwenye mlingoti wa mkonge. Usicheke. Mkonge ukizeeka si unatoa ule mlingoti mrefu wa maua halafu unakufa, bas ukikauka unakuwa mwepesi ajabu, unaubeba wa mita tano begani unahisi umebeba bua la mtama, na huku kwetu haununui, unaokota tu au unampa mtu wa shamba hela ya soda. Gamba la nje gumu, katikati ni sponji tupu hapashiki chochote, ko mi nachukua ile sehemu ya pembeni karibu na gamba ndo inachongeka vizuri. Na nikawaza, mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani mwaka 1893, sangara naye kaletwa huko kwenu Ziwa Victoria miaka ya 1950, yani hapo wageni watupu ndo wanaenda kukutana.

Kuchonga hakunisumbui, nachora umbo kwenye boksi nalikata nabandika juu ya mti nafuata mstari. Ila kitu kimoja nimejifunza kwa machungu: mti ukiwa bado mraba, kabla hujauzungusha tumbo, ndo ukate ule mfereji wa waya na mkato wa ulimi, kile kibapa cha chini ya mdomo kinachomzamisha. Ukisubiri mpaka uwe mviringo msumeno unateleza, ulimi unakaa upogo, na samaki mwenyewe ataenda upogo mpaka mwisho wa maisha yake. Waya wa stenlesi unapita puani mpaka mkiani kipande kimoja na ndoana zote zinashika kwenye waya sio kwenye mti, ili hata mti ukipasuka mdomoni mwa nguru samaki bado unaye. Risasi ya uzito nilichukua chubwi za zamani za mishipi nikazikatakata, natoboa tumboni nazizika humo na gundi.

Sasa tabu yote iko kwenye finishi. Watu wanadhani kazi ni kuchonga, kuchonga ni jioni mbili tu, finishi ndo inakula wiki.

Huu mlingoti unakunywa maji kama ngamia. Ya kwanza niliyotengeneza nikaona uvivu kupaka sila, ile ya kuziba mti usinyonye, nikapiga rangi moja kwa moja na gundi juu, ikapendeza kweli, nikaenda nayo kurambaza, kuburuta mshipi nyuma ya chombo, baharini upande wa Ulenge na wale wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga, saa moja tu majini naivuta naona tumbo limepasuka kama yai lililochemshwa vibaya. Maji yameingilia pale waya unapotokea, mti umevimba, gundi juu haivimbi, sa kitatokea nini. Wale wazee walinicheka mpaka nikatamani kushuka niogelee nirudi nyumbani, maana wao wanarambaza na manyoya ya jogoo na nyuzi nyeupe za kiroba na wanapata, tena wanapata sana, we unakuja na samaki wa mti kapasuka. Sasa hivi nachovya kwenye sanding sila, ileile ya mafundi fenicha wa Ngamiani, naichanganya na tina iwe nyepesi ipenye ndani, ikikauka napiga msasa, nachovya tena, mara tatu mpaka mti uache kunyonya. Na ile tundu ya waya mbele na nyuma naziba na gundi kivyake.

Rangi ni raha tupu hapa wala sikuchoshi. Mgongo mweusi au kijani cha giza, ubavu fedha, tumbo jeupe, kama walivyo samaki wenyewe. Magamba natumia chandarua kilichochakaa, nakivuta kimkaze kabisa samaki nabana na vibanio vya nguo, napuliza rangi, nikikitoa yamebaki magamba utadhani dagaa hai. Kwa ile ya fedha nimebandika karatasi ya ndani ya pakti ya sigara nikaikwaruza na kitana. Unajua yule Lauri Rapala mwenyewe, yule wa Ufini ambaye sie tumemgeuza jina lake kuwa jina la kitu, ya kwanza kabisa mwaka 1936 aliichonga kwenye koki, juu akafunika na karatasi ya chokoleti na akaziyeyusha filamu za picha ndo ikawa vanishi yake. Ko mtu akikucheka na karatasi ya sigara mwambie bwana mkubwa alianzia hukohuko. Macho nimetumia shanga, na usiniulize nimezitoa wapi.

Ila rangi ya kucha usijaribu. Niliiba ya shemeji yako ile yenye kumetameta nikapaka juu ya rangi ya kupuliza, ndani ya dakika rangi ya chini ikakunjamana kama maziwa yaliyoganda, dawa yake inayeyusha rangi ya chini. Nikapoteza samaki na nikanuniwa siku mbili juu.

Haya, gundi ya juu. Ni ile ya mirija miwili, inayokauka polepole, sio ya dakika tano maana hiyo ya haraka inakuwa njano upesi na huwahi hata kumaliza kupaka. Nusu kwa nusu sawasawa, ukikosea kipimo inabaki inanata milele. Koroga taratibu dakika mbili bila kupigapiga, vipovu vikitokea pitisha moto wa kiberiti cha gesi juu kwa haraka vinapasuka vyenyewe. Sasa ikishapakwa lazima izunguke mpaka igande la sivyo yote inashukia tumboni, na feni haifai inakimbia mno. Nikapata kwa fundi redio ile mota ndogo inayozungusha sahani ya maikrowevu, inazunguka mara tano sita kwa dakika, taratibu kama mwali. Nikazifunga zako tatu kwenye fimbo, nikaiwasha saa tatu usiku, nikaenda kulala nimeridhika. Saa tano umeme ukakatika. Asubuhi nakuta kila mmoja ana tone limening'inia tumboni kama chuchu ya mbuzi, gumu kama jiwe. Nikapiga msasa wa maji namba 400 siku nzima, nikarudia. Hiyo ni wiki ya kwanza niliyopoteza. Ya pili ilikuwa mvua, hewa imejaa maji, gundi ikaganda na ukungu mweupe juu, ikabidi niisugue tena nisubiri jua. Unaona sasa?

Lakini hiyo yote sio sababu kubwa. Sababu kubwa ni maji yenu.

Nilikuwa nishamaliza. Nimezijaribu hapa baharini Raskazone, zinaelea mgongo umechungulia juu, ukizivuta zinazama na kutikisika vizuri kabisa, nikasema kesho napeleka stendi. Jioni hiyo mtoto anachukua moja anaitupa kwenye ndoo ya maji ya bomba anachezea, namwona samaki anashuka mdogomdogo mpaka chini anakaa kama mlevi. Nikadhani imevuja. Nikazipima zile mbili nyingine, vilevile. Nikakaa nikafikiri weeee, kumbe ni chumvi! Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kama kilo 1.025 na ya maji baridi ni kilo moja tu, ko bahari inambeba samaki zaidi. Zako zina ukubwa wa kama mililita 40, tofauti inakuja gramu moja tu, karisasi kadogo kuliko punje ya mahindi, ila mi nilikuwa nimezipima kwenye ncha kabisa ili zisitie uvivu kuzama na hiyo gramu moja ndo ikazimaliza. Na nilikosea kingine, nilizipima mwanzo bila ndoana na ringi na bila gundi ya juu, na vyote hivyo vina uzito. Bas nikatoboa tumbo upya, nikatoa risasi kidogo kidogo huku nazitumbukiza kwenye ndoo kila mara zikiwa zimevaa kila kitu, nikaziba, sila, rangi, gundi. Mota nikaiunga na kiinveta cha betri ya sola safari hii.

Ulimi wenu nimeuweka mrefu na umelala mbele zaidi, wa plastiki ngumu ile ya mabango, maana umesema mnapita kwenye mawe yenye kina. Ukiwa mfupi na umesimama anatikisika juujuu tu. Rangi moja nimeifanya kama furu, wale samaki wadogo wa ziwani, moja ya fedha, moja ya machungwa na kijani-njano kwa siku maji yakichafuka. Waya wa chuma mbele huhitaji, sangara hana meno ya kukata kama nguru, mdomo wake ni msasa, funga nailoni nene tu kama mita moja na nusu na uiangalie kila ukipata samaki. Usikaze fundo puani, acha kitanzi acheze. Na akikimbilia kushoto, pinda kile kijicho cha waya puani kwenda kulia kidogo sana, kidogo kama unamfinya mtoto, jaribu, pinda tena.

Nimezikabidhi leo kwenye basi, boksi la viatu limefungwa selotepu nyekundu, nimeandika jina lako na namba. Ndoana nimezichomoa nikazifunga gazeti kwenye kibati cha kahawa, ziko humohumo, usiingize mkono kama unatafuta karanga. Nauli ya mzigo nishalipa hata wakikuambia bado.

Ukimpata mkubwa nyama kula na watoto, bondo langu, kile kibofu chake cha hewa, lianike uniletee ukija Idi.

Mimi jirani yako wa Chumbageni