Fundi azime swichi mbele yetu kabla ya kulipwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wakuu wa shule, zahanati na ofisi ndogo hapa Uganda jambo kuhusu swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa waya, ambalo mafundi wa mitandao wanalijua vyema, ila wateja wao huligundua umeme ukishakatika.

Mimi hutunza kompyuta katika shule moja mjini Mbale. Muhula uliopita fundi alikuja kututenganishia mtandao wa ofisi ya uhasibu na ule wa maabara ya kompyuta, akafanya kazi safi, tukamlipa, akaenda zake. Wiki kadhaa baadaye umeme ulikatika usiku, na kwa kuwa betri ya akiba ilikuwa imechoka, swichi nayo ikazimika. Asubuhi taa zake zilikuwa za kijani kama kawaida, lakini kompyuta ya mhasibu haikuiona seva, huku wazazi wamejipanga dirishani na risiti za benki mikononi. Tulibadilisha waya, tukaishuku seva, tukamlaumu hata mtoa huduma wa intaneti, maskini, ambaye hakuwa na hatia yoyote. Ilipofika saa saba mchana ndipo nilipofungua mipangilio ya swichi na kukuta matundu yake yote 24 ya kuchomekea waya yamerudi kwenye mtandao mmoja, kana kwamba fundi hakuwahi kufika.

Swichi nyingi za ofisini huwa na nakala mbili za mipangilio. Inayotumika hukaa katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Iliyohifadhiwa hukaa katika kumbukumbu isiyofutika, nayo ndiyo husomwa swichi inapowaka. Fundi akibadilisha kitu, badiliko huanza kazi papo hapo katika nakala ya kwanza, na asipotoa amri ya kuinakili juu ya ile ya pili, kila kitu kitaonekana sawa hadi siku swichi itakapozimika.

Sisemi kwamba watengenezaji walikosea. Fundi aliyeko Kampala akirekebisha swichi iliyoko Arua anaweza kujifungia nje, asiifikie tena, kwa kukosea mstari mmoja tu wa amri. Kwa hiyo mafundi makini huiagiza kwanza swichi ya kampuni ya Cisco ijiwashe upya baada ya dakika 10, tuseme, ndipo huanza kazi. Wakiharibu, swichi hurudi yenyewe kwenye nakala iliyohifadhiwa. Mambo yakienda sawa, huifuta amri ile na kuhifadhi. Kwenye vifaa vya kampuni ya Juniper mabadiliko hayaanzi hata kutumika mpaka fundi ayaidhinishe, na anaweza kuagiza yatenguke yenyewe asipoyathibitisha kwa mara ya pili.

Ninachodai ni kwamba mikataba yetu iseme wazi: fundi ahifadhi, aizime swichi na kuiwasha mbele ya mteja, kila ofisi ijaribiwe, ndipo alipwe. Pia aache nakala nyingine nje ya swichi, kwani radi ikiiunguza swichi yenyewe, nakala zote mbili zitakwenda nayo.

Shuleni kwetu tumeshaanza. Fundi wa mwisho alinuna, akasema tunamdharau. Swichi ilipowaka tena, kamera ya langoni haikurudi, naye akaivuta kibodi bila kusema neno.

Mtunza kompyuta,
Mbale