Gundi za meno zipimwe kwenye meno yetu

Mhariri,

Mimi ni daktari wa meno hapa Arusha. Wiki iliyopita binti mmoja wa Ngarenanyuki alifungua kitambaa akanionyesha kipande cheupe nilichokuwa nimembandika kwenye jino la mbele miezi minne tu nyuma, kuficha madoa ya kahawia. Kilibanduka kizima, upande wa ndani ukiwa laini kama kioo. Hakikuvunjika, gundi ndiyo iliyoliachia jino.

Kipeperushi cha gundi ile kinataja megapaskali 30, yaani kila milimita mraba ihimili mvuto wa karibu kilo tatu. Sisemi ni uongo. Nauliza: ilipimwa kwenye jino gani?

Mwongozo wa kimataifa wa vipimo hivi, ISO/TS 11405, unakubali hata meno ya ng'ombe. Jino husagwa likawa bapa, likapakwa gundi na kubandikwa plastiki, likalowekwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa saa 24, kisha mashine huvuta mpaka kitu kiachie. Angalieni hapo kwenye kusaga: ngozi ya juu ya jino imeshaondoka. Na kwa wagonjwa wangu shida iko kwenye ngozi hiyohiyo.

Tangu Michael Buonocore wa Marekani alipoonyesha mwaka 1955 kwamba tindikali hukwaruza jino likapata vishimo vya kushikia, tunafanya hivyohivyo. Lakini aliyekulia kwenye maji yenye floraidi nyingi, madini yanayoacha madoa ya kahawia kwenye meno, kama maji ya miteremko ya Mlima Meru, jino lake ni gumu juu na lina vinyweleo chini. Tindikali ya sekunde 30 huligusa kidogo tu.

Naomba vyuo vyetu vya udaktari wa meno vipime gundi zinazouzwa nchini kwenye meno ya namna hii, bila kuyasaga na kwa kuyasaga, na tena baada ya kuyazungusha mara mamia kati ya maji ya nyuzi 5 na 55, maana chai na maji baridi ndiyo maisha ya jino. Watuambie pia gundi iliachia wapi, wasitupe namba tupu.

Nimeanza kuhifadhi meno ninayong'oa, kwa ridhaa ya wenyewe, kwenye chupa ya maji ndani ya friji. Kwa mwongozo uleule yanafaa kupimwa ndani ya miezi sita. Mwenye mashine aje ayachukue.

Daktari wa meno,
Arusha